Mayai Yaliyokwama Wakati wa Matanga

Mume wangu alikuwa mcheza ngoma ya nyoka kutoka Usukumani. Alinioa hapa Heru Juu akiwa na chatu jike ndani ya sanduku la mbao. Nisidanganye, yule nyoka sikumpenda. Nilimzoea tu, kama mtu anavyomzoea mkwe mkali. Lakini mume wangu alipozidiwa na ugonjwa hakuniachia maneno mengi. Alisema, "Nikifa, wasimuue." Nikaitikia.

Tulipokwisha kuzika, wageni waliendelea kuja. Huku kwetu anayekuja kukupa pole harudishwi mlangoni, hata akija msiba umepoa. Unabandika maji, unasonga ugali wa muhogo, unaeleza tena alivyoumwa. Na kila aliyemaliza kulia aliuliza lilelile, "Na yule nyoka wake yupo?" Basi nainuka, nafungua chumba cha nyuma, nafunua sanduku. Wanashangaa, wanasonya, wengine wanatema mate. Nafunika. Kesho wanakuja wengine.

Katikati ya siku hizo chatu akaanza kutaga. Alikuwa amekataa kula, akajivua gamba, nami sikuelewa. Asubuhi moja nikakuta mayai machache ya manjano, yamesinyaa, kisha basi. Karibu na mkia ulibaki uvimbe mgumu. Akawa anajinyoosha, anajikunja, analegea. Nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni lilelile nililomwogeshea mume wangu. Mayai yaliyokwama hayakutoka.

Jirani yangu alichungulia dirishani akacheka. "Wewe mama, huna mume, nyoka naye hana dume. Mayai haya ya nani?"

"Kuku naye hutaga bila jogoo," nikamjibu.

"Kuku tunamla. Huyu muue upumzike."

Ana mdomo, lakini ndiye aliyenichotea maji msiba mzima.

Nilipanda bodaboda mpaka Kasulu mjini kumwita bwana mifugo. Alikuja, akasimama mlangoni, kizingiti hakukivuka.

"Mama, sindano niliyonayo ni ya ng'ombe. Kwa nyoka kipimo chake sikijui, naweza kumuua. Na mayai yakibaki humo yataoza, atakufa." Akatazama sanduku. "Anafunuliwa mara kwa mara?"

"Kila mgeni akija."

"Aa, mama! Ng'ombe akizaa tunaita kijiji kizima? Mpe joto na giza, watu wamwache."

Hapo ndipo nilipochoka kweli. Kumwogesha nyoka nilikuwa nimeweza. Kumkatalia mtu aliyekuja kumlilia mume wangu sikujua naanzia wapi.

Nililaza pipa ubavu, nikatia nyasi zenye unyevu, nikamwingiza chatu humo. Nikaziba dirisha kwa gunia, nikapiga kufuli. Siku hiyohiyo akafika shangazi yangu na akina mama wenzake kutoka Kitanga.

"Mwanangu, tumesafiri njia yote hii, tusimwone hata nyoka wa marehemu?"

"Shangazi, leo haonekani. Anataga."

"Anataga! Tangu lini nyoka akawekwa uzazini?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Ujane umekupa kiburi."

Nikawapakulia ugali. Walikula, wakasali, wakaondoka wamenuna. Habari ikaenea kwamba nafukuza watu, na wageni wakapungua. Nami, Mungu anisamehe, mchana mmoja nilijinyoosha kwenye mkeka nikalala.

Nilikaa siku kadhaa bila kugusa kufuli. Nilipofungua, nilikwenda na jembe, kwa sababu nilidhani naenda kumzika. Chatu alikuwa amejizungusha ndani ya pipa, amekonda, mayai mengine chini yake. Uvimbe haukuwepo. Nilipoinama akainua kichwa kidogo, akakilaza tena.

Mayai yote yalikuwa mabovu. Harufu ilishaanza, na ilinipasa kuyatoa nikayafukie. Nikasema nitayatoa kesho, leo apumzike. Nikaegemeza jembe ukutani, nikafunga mlango.