Walikata ngome ya Wales kwenye picha ya marehemu mama, mkono wake ukabaki umeshika hewa

Wakuu, poleni na kazi za siku nzima.

Hii ninayoandika imenipata mimi mwenyewe, hapa Kisumu, na anayedhani naongeza chumvi aje Manyatta nimwonyeshe fremu. Bado nina hasira. Mkiona nimeteleza mahali mnivumilie.

Tulimzika mama yangu majuzi, nyumbani Kisian.

Lakini wacha nianze na baba, ndio mnielewe.

Mzee alikuwa mpiga picha. Miaka ya sabini alikuwa na studio ya mabati hapa Manyatta. Siku hizo mtu hakupigwa picha na ukuta mtupu nyuma yake, alitaka kitu cha kuonekana. Sasa kuna nesi mmoja mzungu aliporudi kwao alimwachia mzee kalenda ya picha za zamani za mji mmoja wa Wales, kule Uingereza. Kila mwezi na picha yake. Ngome ya mawe juu ya mto, daraja, soko, mashua zimefungwa bandarini.

Mzee akanunua kitambaa kizito, akaichora ile ngome na minara yake yote, na nyumba za mji hapo chini. Milima ya nyuma hakuipenda. Alisema ni mifupi, akaweka ile ya Nandi. Huyo ndiye baba yangu.

Watu walikuwa wanatoka mpaka Awasi kuja kusimama mbele ya hiyo ngome. Jamaa mmoja aliwatumia wakwe picha yake, akawaambia ameshafika Ulaya. Wakwe waliamini.

Mama naye alikuja kama customer tu. Amesimama vizuri, upepo wa ziwa ukang'oa msumari mmoja, kitambaa kikaanza kuanguka upande wake. Akanyoosha mkono akakishika. Mzee akapiga vivyo hivyo.

Mama alipenda sana kutuambia, "Nilienda kupigwa picha, nikapewa kazi ya kushikilia Wales." Alishikilia mpaka wakaoana.

Baadaye studio ilishika moto. Kitambaa, kalenda, negatives, vyote viliisha. Baba mwenyewe alifariki nikiwa mdogo, sura yake naikumbuka kwa shida. Kwa hivyo hiyo picha ya mama ndiyo ilikuwa kitu pekee tulichobaki nacho cha kazi ya mkono wake.

Mnaona tunakoelekea.

Binamu yangu, nimwite Odhis, alipewa na committee ya mazishi kazi ya eulogy, kile kijitabu cha maisha ya marehemu, na banner. Nikampa picha mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Omera, ndugu yangu, hii ni ya scan tu, halafu inarudi kwa kioo chake." Akasema hakuna shida.

Siku ya kuchukua mwili mochari ndio naiona banner. Mama amesimama juu ya mawingu. Pembeni njiwa. Ngome hakuna, na mkono wake umenyooka hivi, umeshika hewa.

Nikajizuia. Nikajiambia hiyo ni kompyuta tu, original iko.

Halafu nikaona fremu juu ya jeneza. Fremu mpya, ya duara. Original ndiyo ilikuwa ndani. Walikuwa wameikata kwa makasi kufuata mwili wa mama, wakaibandika kwa karatasi nyeupe ndio itoshee.

Nikamvuta Odhis kando. "Kile kipande kingine kiko wapi?"

"Kipande gani?"

"Cha nyuma. Ngome."

"Aah bro, hiyo si ilikuwa background tu. Ilikuwa inachafua picha. Watu wangeanza kuuliza hiyo ni nyumba ya nani."

Background tu. Na takataka zilikuwa zimeshachomwa asubuhi, na yeye ndiye aliwasha.

Wakuu, nilitaka kumpiga mtu mbele ya mwili wa mama yangu. Sitaficha.

Tukafika Kisian, pastor akasimama, akaelekeza kidole kwa banner. "Angalieni huo mkono. Mama yetu alikuwa anafungua mlango wa mbinguni tangu ujana wake." Watu wote amina. Shangazi yangu akalia sana.

Mimi niliuma meno. Alikuwa ameshika kitambaa kisianguke, pastor. Alikuwa anamsaidia mtu kazi yake. Hiyo haikutosha kuhubiriwa?

Na kabla mniulize: ndiyo, niliwahi kuipiga na simu ikiwa ukutani. Flash iligonga kioo. Mama anaonekana, lakini palipokuwa na ngome kuna mwanga mweupe tu.

Sasa committee hiyo hiyo inataka tile ya kaburi iwekwe picha ya mawingu. Nimekataa. Wananiita mtu wa vita. Mjomba aliniuliza kwenye kikao, "Unagombana na familia sababu ya nyumba ya wazungu hujawahi hata kuiona?"

Nilimjibu mbele yao wote. Nyumba ni ya wazungu, sawa. Lakini milima iliyo nyuma yake ni ya Nandi, na yule aliyeiweka pale ni shemeji yako.

Kikao kikaisha hivyo.

Nimeangalia mtandaoni picha za zamani za miji ya Wales mpaka macho yakauma. Ngome wanazo nyingi kama makanisa huku kwetu. Hata nikiipata yenyewe, haitakuwa ya baba.

Nilichojifunza ni hiki: picha ya mzee wako usimpe mtu akutengenezee kama hajui hadithi yake. Na wewe unayepewa, uliza kabla hujashika makasi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ombi langu kwenu. Fungueni album za nyumbani, hasa nyinyi wa Awasi, Kisian na huku Manyatta. Mkimwona baba au mama na suruali pana, nyuma yake ngome ya mawe na milima mirefu kuliko inavyofaa, tafadhali msiiguse. Niandikieni hapa chini. Na kama naonekana nimekosea kuzuia ile tile, pia semeni, nitasoma.

Kaburi limeshapigwa simenti. Mahali pa picha nimepaacha wazi, mpaka nimpatie mama kitu cha kushika.