Gari Lenye Utepe Mwekundu

Cheka, ila nimalize kwanza. Kazini Ruiru bado niko kwa majaribio, na mimi ndiye niliyependekeza wafanyakazi tubebane kwa magari ili tupunguze moshi. Gari la kila mtaa lingefungwa utepe mwekundu.

Asubuhi ya kwanza, hapa Makongeni, nikaona utepe, nikajitosa ndani. Kimya. Nikawaza: mpango wameuchukia, watanishtaki kwa bosi, kazi kwisha. Nikaamua kuwachangamsha.

“Jamani, mbona huzuni? Tukizoea, kila wiki tutajaza magari hivi hivi!”

Hakuna aliyecheka. Tukaipita ofisi.

“Dereva, tumefika!” nikapiga kelele.

Mama aliyeketi kando yangu akajifuta machozi.

“Ngai! Kijana, kwani marehemu alikuwa nani wako?”