Viroba Viwili Stendi ya Korogwe

Mahindi tuliyopanda Kwamsisi yaliota kwa mvua ya kwanza, yakafika kimo cha kidole, kisha jua likayamaliza. Tukapanda mbegu yote iliyobaki. Mara hii hayakuota kabisa. Nilipofukua nilikuta punje zimeliwa na mchwa.

Mama alikunja kiroba kitupu, akaniambia twende Kwashemshi kwa mdogo wake aliyeolewa mlimani. Ndivyo walivyosaidiana tangu ujana wao: huku chini tukikosa, mbegu inatoka mlimani, kwao kukiharibika, wanakuja kwetu. Nilimshauri apige simu kwanza.

"Niombe mbegu kwa simu, kama vocha?" alisema. "Mtu unakwenda, unaonekana uso."

Tulipanda bodaboda mpaka njia kuu, halafu basi. Mashamba ya Handeni yalikuwa na rangi moja na barabara. Penye vijiji, magunia ya mkaa yalipangwa kando ya njia yakingoja wanunuzi. Mama hakuyatazama. Alikuwa akinieleza sehemu atakayoanza kupanda.

Stendi ya Korogwe tulikuwa bado tunaulizia gari la mlimani nilipomwona mama mdogo akishuka kwenye gari lililotoka huko. Kwapani alikuwa na kiroba kilichokunjwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwa mama. "Dada, safari ya wapi?"

"Kwako."

Akatazama kiroba cha mama, akatazama chake. "Na mimi nakuja kwenu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mwizi wewe, ulikuwa unakuja kunikomba!" mama mdogo alisema.

"Na wewe ungenikomba nini, mchwa?" mama alijibu.

Kicheko kilikatika ghafla. Mama aliuliza kuhusu mahindi ya mbegu, yale yanayoning'inizwa juu ya jiko yapate moshi.

"Tumeyala, dada," mama mdogo alijibu. "Watoto walikuwa wanayaangalia."

Duka la pembejeo lilikuwa mbele yetu. Bei yake tuliijua, hatukuingia. Mama mdogo alipanda gari lile lile lililomleta.

Jioni, tukiwa kwenye bodaboda karibu na nyumbani, mvua ilishuka. Ilikuwa mvua tulivu, ya kuzama ardhini, ile hasa ya kupandia. Dereva alishangilia, akapiga honi. Mama alikikunjua kiroba, akajifunika nacho kichwani.