Mwanapili wa Minne, wa Saba na wa Kumi na Mmoja

Kitambulisho cha Mzanzibari kilisema Mwanapili Hafidh ana miaka arobaini na mmoja, na serikali haina desturi ya kubishiwa. Lakini mumewe Haroub, fundi seremala wa Madungu, alikuwa akirudi nyumbani jioni hajui atamkuta wa miaka mingapi. Siku nyingi, alhamdulillahi, alimkuta wa arobaini na mmoja: kakaa nyuma ya cherahani, anashona sare za skuli na kumsema yeye kwa vumbi la mbao analoingia nalo ndani. Siku nyingine alimkuta wa minne.

Wa minne hakuwa na siri. Alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, kajifunika kanga gubigubi, akimwita mama yake kwa Kipemba kile cha Wingwi ambacho Mwanapili mkubwa alishakiacha zamani kwa kukaa mjini. Alitaka abebwe. Haroub ana mgongo mbovu wa kuinamia randa miaka ishirini, na mkewe si mwepesi, basi yeye huketi sakafuni na yule mtoto huja kuegemea ubavuni mwake, akalishwa uji wa sukari kwa kijiko mpaka usingizi umchukue. Siku hizo Haroub hutandika mkeka ukumbini akalala huko, maana aliyeko chumbani ni mtoto. Asubuhi Mwanapili huamka mtu mzima, akaona kijiko na kikombe, akajua. Hakuwa akisahau yote. Aliona haya, na haya hiyo ilimfanya mkali mpaka adhuhuri.

Wa kumi na mmoja alikuwa mjeuri, na Haroub, Mungu amsamehe, alimpenda kuliko wenziwe. Huyo hucheza mdako kwa kokoto, akashindana na nafsi yake na bado akaiba. Hataki kuguswa hata bega. Ukimwita mara mbili hukujibu kwamba amesikia, yeye si kiziwi. Siku moja alimwambia Haroub usoni kuwa meza zake zote zina miguu ya ng'ombe, na Haroub akacheka peke yake siku mbili nzima kwenye karakana, kwa sababu ni kweli.

Yule wa katikati, wa saba, Haroub alikaa naye mwaka mzima asijue kuwa yupo.

Mambo yalianza miaka mitatu nyuma, baada ya hitma ya Bi Mize. Bi Mize alikuwa shangazi yake Mwanapili, ndiye aliyemlea na ndiye aliyemwachia nyumba ile, waliyoishi naye pamoja tangu harusi. Mwanapili alizaliwa Wingwi, mtoto wa tatu wa Bi Siti, na alipotimia miaka minne akatolewa kwa shangazi yake mjini, kwa kuwa shangazi hakujaaliwa mtoto na mama alikuwa na wawili mbele na mmoja tumboni. Hakuna aliyeona ajabu. Nusu ya watu wa Pemba wamelelewa na shangazi, bibi au mama mdogo, na wengi wamekua wakanenepa. Mtoto wa ndugu yako ni wako, ndivyo tunavyosema, na tunaposema hivyo mtoto mwenyewe haulizwi.

Bi Mize alipokufa, Mwanapili hakulia. Alipika, akapokea wageni, akaosha sufuria za watu arobaini. Wiki ya pili akaingia chini ya meza.

Jamaa wakampeleka kwa mganga mmoja wa Mgogoni. Mganga akafukiza ubani, akauliza jini lile jina lake, jini likajibu Mwanapili. Akasema hili jini ni rongo, limeiba jina la mwenye mwili. Akaliuliza linataka nini, likasema linamtaka mama yake. Basi watu wazima na ndevu zao wakakaa kushauriana mama wa jini yule anaishi pango gani na atapendelea mbuzi wa rangi gani. Akachinjwa mwekundu, akaliwa. Muda wote huo mama wa Mwanapili yuko Wingwi, mzima, anapalilia muhogo wake, na hapana hata mmoja aliyekumbuka kumtaja.

Aliyewafungua macho ni Petronila, afisa wa ustawi wa jamii, mtu wa bara, aliyekuja siku moja kuchukua majoho ya kwaya aliyoyatia kushonwa. Alimkuta fundi wake chini ya meza. Hakukimbia wala hakusoma sala yoyote. Alikaa kwenye mkeka akazungumza naye habari za paka, na alipoondoka alimwita Haroub mlangoni akamwambia kwamba hilo si jini wala si wazimu. Akasema yapo hayo: mtu akielemewa, nafsi hurudi mahali ilipokatikia, ikaomba kile ilichonyimwa. Wengine hurudi mahali pamoja, wengine hurudi mahali pengi.

"Wote ni yeye, Bwana Haroub, lakini usiwaweke fungu moja ukawaita mtoto," Petronila alisema. "Kila umri una haja yake. Ukimpa mkubwa cha mdogo, unamtukana. Waangalie mmoja mmoja."

Haroub akaanza kuangalia, kama anavyoangalia ubao kabla hajautia msumeno. Ndipo alipomwona wa saba. Alikuwa akija baadhi ya Ijumaa, na alikuwa hasumbui, ndiyo maana kila mtu alidhani siku ile Mwanapili kapata nafuu. Anafagia uani bila kuambiwa. Anapanga viatu mlangoni jozi kwa jozi. Anachana nywele, anakaa barazani kaelekea barabara, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Haroub akipita humwamkia, "Shikamoo, ami," na Haroub mwaka mzima alidhani mkewe anamtania. Ukimuuliza anangoja nini husema hangoji kitu. Ukimpa uji wa sukari hushukuru kwa adabu, akauweka pembeni ukapoa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Haroub alipokifahamu kimya kile alikwenda nyuma ya karakana akakaa juu ya gogo.

Usiku wa Alhamisi moja alimuuliza mkewe, yule wa arobaini na mmoja, habari ya Ijumaa. Mwanapili alikata uzi kwa meno, akasema siku aliyoachwa kwa shangazi alishika nguo ya mama yake asiiachie, na mama akamwambia, Ijumaa n'takuja kukuchukua. Hakusema Ijumaa ipi. Walikuja kuonana tena kwenye harusi ya binamu, Mwanapili yuko miaka kumi na mmoja, akampa mama mkono kama anavyompa mgeni. Tangu hapo huenda Wingwi kila Idi, huchukua kilo mbili za mchele na kitambaa cha gauni, huulizana habari za afya. Haroub akamwambia, basi muulize. Akajibu kuwa mtu na akili zake hamkalishi mama yake mzazi akamhoji, hiyo si adabu. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni.

"Yule mdogo anamuulizia kila akija, na mama hayupo. Mie nikiwa mbele ya mama, siwezi. Na mama anazeeka, Haroub. Akifa kabla hajaulizwa, mie n'tabaki barazani mpaka nami nizikwe."

Haroub akapanda gari ya Wingwi asubuhi ya Jumatatu. Bi Siti alikuwa amepungua, jicho moja limeingia ukungu, lakini jembe bado analishika. Haroub alimweleza kwa kuzunguka, maana na yeye ana adabu zake, na alichomweleza zaidi ni yule wa chini ya meza, kwa kuwa ndiye rahisi kumsimulia. Bi Siti alisikiliza huku akimenya muhogo. Alipomaliza mmoja akachukua wa pili, na wa pili akaumenya mpaka ukabaki wembamba wa kidole. Akasema atakuja Ijumaa.

Haroub alitaka kumwomba achague siku nyingine, akashindwa. Na aliporudi alifanya kosa: alimwambia mkewe. Mwanapili aliitikia vizuri tu, akaendelea kushona. Jumatano akamwamkia shikamoo ami. Alhamisi vilevile. Haijapata kutokea mmoja wao kukaa siku mbili mfululizo, na Haroub alikuwa anakwenda kuchungulia barazani kila baada ya msumari.

Ijumaa baada ya sala, Bi Siti alishuka garini ameshika fimbo na kifurushi. Ndani ya kifurushi mlikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, na kanga ya zamani iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama pamba. Ilikuwa mbeleko. Alikuja kumbeba mwanawe, kibibi wa miaka sabini na fimbo yake, na hakuna mtu hapo aliyeweza kucheka. Alikaa kwenye mkeka ukumbini, akaitandaza ile kanga mapajani, akanyoosha mikono.

"Njoo mwanangu. Njoo kwa mama."

Mwanapili alisimama mlangoni na gilasi ya maji juu ya kisahani. Akapiga goti, akaiweka mbele ya mgeni. "Shikamoo, bibi," alisema. "Umesalimika na safari?" Akarudi nyuma hatua tatu, akakaa, magoti pamoja.

Mikono ya Bi Siti ilibaki hewani muda mrefu kuliko mtu mzima anavyoweza kuvumilia. Alimgeukia Haroub, akauliza kwa sauti ya chini mbona mtoto hamjui, si yeye Haroub alimwambia analia akimwita? Haroub akachutama karibu naye.

"Huyu si yule, mama. Yule ana miaka minne. Huyu ana saba."

"Tofauti yao nini?"

"Wa minne anataka umbebe. Huyu ameshaacha kutaka kubebwa. Huyu anataka kujua ulikuwa wapi."

Bi Siti akaikunja ile kanga polepole, pembe kwa pembe, akaiweka kando. Akanywa maji. Haroub akajua kuwa jambo linalokuja halijapata kusemwa kwa mtu.

"Nalikuwa hapo mbele," Bi Siti alisema. "Nyumba ile ya bluu, ilikuwa ya Bi Khadija wakati huo. Nkija kila Ijumaa. Nkikaa dirishani nyuma ya pazia, nkikutazama. Weye wakaa hapo barazani, kichwa kishasukwa, kanzu ya kijani. Mpaka gari ya mwisho nkirudi."

Mwanapili aliinua uso. Alikuwa anamtazama mdomo.

"Miaka mitatu," Bi Siti alisema. "Mvua na jua. Hata n'livyokuwa na mimba ya nduguyo. Halafu n'kashindwa, moyo ukawa haunipi tena."

Haroub amekaa na mkewe miaka ishirini na mbili, na kwa miaka hiyo yote anaiona nyumba ya bluu kila akifungua mlango. Iko hatua thelathini. Alitamani Bi Mize awe hai ili amuulize kama alijua, kisha akakumbuka kwamba naye alikuwa mwanamke mmoja tu aliyetaka mtoto, na aliogopa kunyang'anywa.

"Mbona hukuniita?" Mwanapili aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyezoea kuambiwa asipige kelele.

"Wifi Mize kanikataza. Kanambia usimuoneshe uso mpaka azoee. Kila mtu akisema hivyo, ndivyo watoto wazoezwavyo. Kanambia ukiniona utalia."

Mwanapili alilifikiria hilo kwa makini, kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyepewa aya asiyoielewa.

"Nalikuwa nalia vivyo hivyo," alisema.

Bi Siti akafumba macho. "Mie sikukuona ukilia hata siku moja. Ukikaa kimya. Nkasema, mwanangu kazoea. N'karudi Wingwi na hilo."

"Nalikuwa nalia chooni, gari ikishapita. Shangazi hapendi." Akasita kidogo. "Na weye? Ukilia wapi?"

"Garini," Bi Siti alisema. "Mpaka Wingwi."

Nje mtu alipita akiuza samaki, akaita mara mbili mlangoni kwa Haroub, akaenda zake. Mwanapili alikuwa bado kakaa pale pale, lakini mikono yake ilikuwa imetoka magotini. Alijisukuma kwa kiganja juu ya mkeka, kidogo, kisha kidogo tena, mpaka goti lake likagusana na goti la mama yake.

"Ilikuwa gari ile ile, basi," alisema. "Mimi nikiisikiliza ikiondoka, na weye umo ndani."