Kiluma cha Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha miche ya dawa karibu na Kibwezi, Bwana Meneja hakuniuliza cheti. Alinipa jani la kiluma, yaani mshubiri, utomvu wa manjano ukidondoka, akasema, "Lamba." Nililamba, machozi yakanitoka.

"Uchungu umefika wapi?"

"Mpaka masikioni, bwana."

"Huyu aandikwe."

Ndivyo nilivyokuwa mwonjaji, na sioni haya kusema nilikuwa hodari. Nguvu ya kiluma, hiki mnachochemsha kwa ajili ya tumbo na kuwatilia kuku kwenye maji, iko katika uchungu wa ule utomvu. Na uchungu, wanangu, unategemea mbolea. Samadi ya mbuzi iliyokaa bomani mpaka ikapoa, konzi moja kwa shina, inaleta jani dogo, gumu, lenye utomvu mzito. Fatalaiza ya mahindi, ile mbolea ya dukani, inalinenepesha haraka sana. Ukilikata, maji matupu!

Baadaye nilihamishiwa Ikutha, nilikoolewa. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanda kiluma, na mwenyekiti wao alikuwa mama mkwe wangu, niliyemwita mwaitu, yaani mama. Ndiye aliyenilelea watoto nikiwa kazini. Bila yeye, kazi sina.

Siku ya mavuno, pale kanisani, kila mmoja alitaka jani lake lishinde la jirani. Mwaitu alileta majani manene kama mkono wa mtu, watu wakapiga makofi. Bwana Mkaguzi wa kituo, niliyekuja naye kuonja mavuno, akaninong'oneza, "Ukipitisha kibaya, mgonjwa ndiye atakayeumia."

Nikalamba. Maji matupu.

"Mwaitu, hiki hakipiti."

"Unasema?"

"Umekitilia fatalaiza. Hakitibu mtu."

Mwaitu alikung'uta leso yake, akaenda zake. Msiniulize jinsi nilivyoogopa kurudi nyumbani! Nilijua kesho atakataa kunilelea, nitawakuta watoto mlangoni na nguo zao.

Sikuwakuta. Aliendelea kuwalea, ila hakunisemesha. Maneno yote yalipitia kwa watoto, waliomwita bibi yao susu: "Susu anasema chumvi imeisha." Mimi nami najibu kupitia kwao. Msimu mzima tuliishi hivyo, na ilinichoma.

Mvua iliyofuata ilipokwisha, alinijia na majani madogo, mekundu kwa jua, yananuka boma la mbuzi.

"Lamba basi, wewe mwenye ulimi."

Nililamba, nikakohoa mpaka nikashika ukuta.

"Kinapita?"

"Kinapita, mwaitu. Kinapita kabisa!"

"Haya. Watoto wamekula," akasema, akaondoka.

Nilifanya kazi kituo cha Tawa pia, chini ya mameneja wengine, nikafundisha wengi kuonja. Siku ya kustaafu kwangu wakubwa walihutubia wee, sikumbuki hata neno. Nakumbuka mwaitu, mzee sana, akikataa kiti na kusimama mwenyewe.

"Huyu alinikataa mbele ya kanisa," akasema. "Tangu siku hiyo, nikiugua, sinywi dawa ambayo yeye hajaionja."