Zima Zote Achagua Jiko

Wenzake wa kikosi cha zimamoto walimwita Zima Zote, na hawakumsingizia. Alizima maghala, magodoro, lori la pamba, na mara moja keki ya bosi wake, kabla mwenyewe hajapuliza, kwa sababu mishumaa ilikuwa karibu mno na pazia. Nyumbani kwake moto wa wazi ulikuwa marufuku. Ndoa nzima mkewe alipikia koili ya umeme, ndani, huku akinusa nyama za majirani dirishani.

Alipostaafu, mkewe akatoa tamko.

"Nataka jiko la gesi la kuchomea nyama, likae uani. Ulichague wewe na uliwashe wewe. Nikiliwasha mimi utalizima."

"Nikishindwa?"

"Usijali, baba. Jumapili zote nitakula kwa dada. Shemeji yako haogopi kiberiti."

Hakuwa anatania, pochi ya kutokea ilikuwa tayari mezani.

Dukani, muuzaji aliwapeleka kwenye jiko kubwa linalong'aa, lenye kipimajoto kwenye mfuniko. Mzee alisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Linazimwaje?"

"Unazungusha kitufe tu, mzee wangu. Ila raha yake ni linavyowaka."

"Kuwaka sina wasiwasi nako. Sijawahi kuona moto ulioshindwa."

Akapiga magoti. Akavuta mpira wa gesi, akaomba maji ya sabuni apake kwenye maungio, aone kama gesi ikivuja yatatoa mapovu. Hayakutoa. Lakini trei ya mafuta ilikuwa imejificha mahali mkono haufiki. "Mafuta yakijaa humu, ndipo tunapigiwa simu," alisema, akalipita. Akasimama mbele ya jiko dogo, lenye miguu mipana na trei inayochomoka kama droo.

"Zuri?" mkewe akauliza.

"Halianguki."

Mkewe aliridhika. Siku ya harusi yao mumewe alimsifu kwa maneno ya namna hiyohiyo.

Uani, mzee aliliweka mbali na ukuta, mbali na kamba ya nguo, mbali na nyumba. Kidogo tu liwe la jirani. Kando akaweka ndoo ya mchanga. Akafunua mfuniko, akafungua gesi, akabonyeza. Tak.

Moto wote aliowahi kukutana nao ulikuwa mbioni: unapanda mapazia, unaruka mapaa, unanguruma. Huu ulisimama. Vidole vidogo vya buluu, safu mbili, vimetulia. Akazungusha kitufe, vikainama. Akazungusha tena, vikanyanyuka. Mzee akasahau kufunga mdomo, hata mkewe alipoweka kuku juu ya wavu.

"Mama," alinong'ona, "moto unanisikia."

"Ungeusikia na wewe. Kuku wako anataka kugeuzwa."

Alipomgeuza kwa koleo, mafuta yakadondoka na ulimi wa njano ukaruka juu. Mkono wa mzee ulishika ndoo bila kumuuliza mwenyewe. Mkewe alimtazama, akaitazama na pochi, ambayo alikuwa ameitundika mlangoni.

"Uangalie tu," akasema taratibu.

Akauangalia. Ulimi ukala tone lake, ukakosa lingine, ukarudi chini kwa wenzake.

Mzee akamwaga mchanga kwenye shina la ua, akaipindua ndoo, akaikalia.

"Hivi siku zote huwa mzuri namna hii?"

"Siku zote," alisema mkewe, akimpokonya koleo. "Wewe ulikuwa unafika moto umeshakasirika."