Kitambaa Nilikinunua Mimi

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu duniani kinaweza kumshangaza. Hilo nilikuwa nikilisema kila mahali, hotelini, kwenye foleni ya benki, hata matangani, na watu walikubali kwa sababu mara nyingi chai niliilipa mimi. Nilianza kwenye machimbo ya Masara nikisukuma wilbaro ya mawe ya mtu mwingine, darasa la tano nikiwa nimeliacha katikati, na leo nina shimo langu la dhahabu, mashine yangu ya kusaga, na nyumba ya mabati ya rangi ambayo ukitoka barabarani unaiona kabla hujaona kanisa. Nimeona mtu akipata dhahabu asubuhi na jioni anakopa sukari. Nimeona ukuta wa shimo ukiporomoka, na waliokuwa ndani wakatoka wakiuliza kama chakula kimebaki. Sasa refa wa mpira angenishangaza na nini?

Timu ilikuwa yangu. Sisemi kwa kiburi, nasema kwa risiti. Jezi, viatu, maharagwe ya baada ya mazoezi, vyote mfuko wangu. Wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa shimo langu, Wajaluo wa huku Suna na Wakuria wachache waliokuja kutafuta kazi. Nahodha alikuwa mmoja wa hao Wakuria, mtu wa Kegonga, beki mrefu asiyependa maneno. Kule chini ya ardhi kazi yake ilikuwa kuita kamba.

Wacha nieleze, maana kesi yote iko hapo. Shimoni mnaweza kuwa wengi, lakini anayeongea na mtu wa juu, yule anayevuta kamba, ni mmoja tu. Wengine wakiona jambo wanamwambia huyo mmoja, na yeye ndiye anaita. Wakiita wawili, mtu wa juu anaacha kila kitu, kwa sababu mmoja anaweza kusema vuta na mwingine aseme shusha, na kati ya hayo maneno mawili ndipo watu hufa. Sauti isipofika, huyo mwitaji anavuta kamba mara tatu. Maana yake: simama hapo hapo, usiguse kitu. Hiyo sheria niliiweka mimi mwenyewe. Kuna mtu nilimfukuza kazi kwa kuivunja, na nikamhubiria mpaka akafika barabarani.

Basi, tulikuwa tumebakisha mechi moja, ugenini Homa Bay. Tukishinda, tunapanda ligi ya kanda. Tukitoka sare, wenyeji wanapanda na sisi tunarudi kucheza na timu zinazofunga mbuzi golini. Mimi nilikuwa nimeshatangaza Masara yote kwamba tunapanda. Wachezaji nao walikuwa na sababu zao. Ligi ya kanda huja kutazamwa na makocha wa timu kubwa, na mtu aliyezoea kuamka anaingia shimoni hutamani siku moja aamke anaingia uwanjani.

Tulikula samaki karibu na ziwa, nikalipa, nikasema nimelipa. Kisha nikavaa koti langu la suti la rangi ya maziwa, nikachukua mwavuli mkubwa ingawa hakukuwa na wingu hata la kusingizia, nikaenda kusimama kando ya mstari.

Refa alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miguu ya mtu anayekimbia kila asubuhi. Nilipomwona nilifurahi. Mimi najua kuongea na watu wa biashara. Kwetu Masara mnunuzi akiweka dhahabu yako kwenye mizani akakutajia uzito, hiyo bado si habari, ni salamu. Unamwambia apime tena. Unashika kiuno. Unajifanya unaondoka. Mimi nilidhani filimbi ni hivyo hivyo: refa anataja bei yake, wewe unataja yako, mnakutana katikati mnapeana mkono.

Kwa hivyo nilianza mapema. Mpira ukitoka nje, nasema, "Mama, huo ni wetu."

"Ni wao."

"Basi ugawe. Urushwe na mmoja wao, apewe mmoja wetu."

Faulo ikapigwa dhidi yetu karibu na boksi letu. Nikatembea naye kando ya mstari, nikamwambia kwa adabu kabisa, "Hiyo iko karibu sana, mama. Punguza kidogo. Isogeze nyuma."

Hakupunguza. Alisimamisha mchezo, akaja mpaka niliposimama.

"Mzee, wewe ni nani katika timu hii?"

"Mimi ndiye timu."

"Wewe ni kocha?"

"Kocha namlipa mimi."

"Sikuuliza unamlipa nani. Mimi ninaongea na nahodha, mwenye kitambaa mkononi. Wengine wote, hata awe gavana, wananyamaza."

Mashabiki wa nyuma yangu walikuwa wanangoja kitu kama hicho. "Jaduong', mzee wetu, umesikia? Hata gavana! Sasa wewe wa mwavuli!" Mwingine akasema, "Muacheni, anauza miavuli." Nilicheka nao, lakini masikio yalikuwa yamepata moto.

Mapumziko nilikuwa nimeshapata dawa. Wachezaji walikuwa wameketi kwenye nyasi wanakunywa maji, bado hakuna bao. Nikamwendea nahodha, nikanyoosha mkono.

"Leta hicho kitambaa."

Akaniangalia. Yeye huniita tata, yaani baba kwa Kikuria, hata ninapomkosea. "Tata," akasema, "shimoni anayeita kamba ni mmoja."

"Na shimo ni la nani?"

"Lako."

"Na kitambaa alinunua nani?"

Akakivua. Kocha alikuwa karibu, akaanza kuchunguza nyasi kama mtu aliyepoteza sindano. Mimi nikakivaa juu ya koti. Sasa, kile kitambaa kilitengenezewa mkono wa mtu anayekimbia, na mimi ni mtu anayekula. Kilipanda juu ya mkono wangu kikilia kama mlango wa zamani. Kilipofika mahali pake, vidole vikaanza kufa ganzi, lakini nilijiona. Refa alinitazama mara moja, akatikisa kichwa, akapuliza filimbi kuanza kipindi cha pili. Hicho kichwa nilikichukulia kuwa ni heshima.

Kilichofuata sikukiona, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Dakika zilikuwa zinakwisha, bado hakuna bao, tumepata kona, nahodha wetu amepanda mbele. Mimi nilikuwa nimeupa uwanja mgongo, nawaonyesha mashabiki kitambaa na kuwaeleza bei ya koti. Nikasikia kelele. Kugeuka, mpira uko wavuni! Nilicheza pale na mwavuli wangu, nikazunguka, na nilipomaliza mzunguko nikaona kibendera cha msaidizi kiko juu. Ofsaidi. Bao limekataliwa.

Wachezaji wangu wakamvamia refa kama nyuki, kila mmoja na lugha yake. Yeye akarudi nyuma, mkono mbele. "Nahodha peke yake! Wengine ondokeni!"

Wakatulia. Nahodha akasogea, akainua mkono aonyeshe. Mkono mtupu.

"Kitambaa kiko wapi?"

Timu nzima ikanyoosha vidole kwangu.

Niliingia uwanjani nikitembea pole pole, kama mtu anayeitwa kupokea zawadi.

"Wewe tena," refa akasema.

"Kitambaa hiki hapa, mama. Sasa tuongee kama watu wazima."

"Haya, sema. Unalalamikia nini?"

Na hapo nikagundua kwamba sijui. Sikuwa nimeona mpira umetoka wapi wala umepita wapi. Lakini mtu wa Masara haondoki kwenye mizani eti kwa sababu hajui uzito. Nikakohoa.

"Tusivutane," nikamwambia. "Kama bao ni kubwa sana kwako, tupe penalti."

Kipa wao alichuchumaa akashika tumbo. Refa hakucheka.

"Mpira ulitoka kwa nani kabla ya kumfikia mfungaji wenu?"

"Ulitoka kwangu. Mpira huo niliununua mimi."

Tena haikuwa kweli. Mpira wa siku hiyo ulikuwa wa wenyeji.

Akatoa kadi nyekundu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona kwa karibu, ni ndogo kuliko watu wanavyoiogopa.

"Basi kona," nikasema.

Akatazama saa yake. "Kama huyu mzee hatoki sasa hivi, navunja mechi, na nyinyi ndio mmeshindwa."

Mimi nilishika kiuno. Nilijua hatua hiyo, ndipo mnunuzi hulegea. Badala yake nikahisi miguu yangu imeacha ardhi. Wachezaji wangu walikuwa wameninyanyua, huyu mguu, yule kwapa, wakaanza kuondoka nami kama gunia la mawe. Na siwezi kusema walinibeba vibaya. Kazi hiyo niliwafundisha mimi. Mashabiki walisimama wakaimba. Mwavuli ulibaki peke yake katikati ya uwanja, umefunguka, ukawa na heshima kuliko mwenyewe.

Waliponiweka chini nje ya mstari, nahodha akainama. "Samahani, tata," akasema, akavuta kitambaa. Kilikataa. Akavuta tena, kikaja pamoja na mkono mzima wa koti. Akakitoa ndani ya huo mkono wa koti, akakivaa kikiwa kimelegea, akarudi.

Maneno yake sikuyasikia, niliambiwa baadaye na mfungaji aliyekuwa karibu. Aliweka mikono nyuma, akasema, "Refa, beki wao ndiye aliurudisha mpira kwa kipa wake, ukamfikia mtu wetu. Tunaomba umuulize mwenzako kama aliona." Basi. Hata hakuomba bao. Mpira uliorudishwa na mpinzani mwenyewe hauna ofsaidi.

Refa akaenda kwa msaidizi wake. Wakaongea, yule wa kibendera akionyesha kwa kidole, pale, kisha pale. Refa akarudi akikimbia, akaonyesha katikati ya uwanja. Bao!

Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na mkono mmoja wa koti, na nikiri kwamba nilishangaa. Nimebishana na watu maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiria kumwomba mtu aulize tu.

Tulishinda kwa bao hilo, moja kwa sifuri. Lakini kupanda ligi hatukupanda siku hiyo, maana refa aliandika ripoti, na ndani yake nilikuwa nimejaa kuliko wachezaji wote. Tukaitwa Homa Bay mbele ya kamati ya nidhamu: wanaume wawili na mama mmoja nyuma ya meza, na mimi mbele yake, nahodha nyuma yangu. Mwenyekiti akasoma. Ushindi unabaki, lakini timu haitaandikishwa ligi ya kanda mpaka faini ilipwe.

"Faini ni shilingi elfu ishirini."

Bei ya kwanza. Damu yangu ikaamka.

"Elfu tano," nikasema.

Mwenyekiti akaniangalia juu ya miwani. "Ishirini na tano."

Nikadhani hajanisikia vizuri. "Haya, saba. Na soda za kamati."

"Thelathini."

"Wewe mwenyekiti, unapima vipi? Mizani yako inapanda tu?"

"Thelathini na tano. Na ukiongeza neno moja tu, hiyo timu itabaki kule kule ilikotoka."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Neno lilikuwa kwenye ulimi, tena zuri. Ndipo nikahisi koti langu, upande ule wa mkono ulioshonwa upya, linavutwa kutoka nyuma. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Nikafunga mdomo. Sikufikiria, ulijifunga wenyewe, kama ulivyojifunga mdomo wa kila mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye shimo langu. Nikasogea nyuma hatua moja. Nahodha akasogea mbele.

"Mheshimiwa," akasema, "tunakubali hiyo ya mwisho. Tunalipa leo. Tunaomba tu timu iandikwe kabla hatujaondoka."

Mwenyekiti akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Na kuanzia leo nani anaongea na marefa?"

Nilitaka kujibu. Lakini nikamwachia nahodha ajibu, na akajibu kwamba ni yeye. Yule mama wa kamati akaiandika timu yetu, nikiwa nimesimama pale pale, kimya kuliko nilivyowahi kuwa tangu darasa la tano.

Masara walinicheka mpaka msimu ukaanza. Wengine hadi leo wakiniona na mwavuli wananiuliza bei ya kona. Timu inacheza kanda, mimi nakaa jukwaani pamoja na wauza karanga, na nikiona jambo, namwambia nahodha wakati wa mapumziko, naye huamua kama linafaa kufika juu. Mengi hayafiki.

Faini elfu thelathini na tano. Fundi wa kushona mkono wa koti, mia tatu na hamsini. Kitambaa kipya, maana kile nilikiharibu kwa unene wangu, mia nne. Jumla, kwa yeyote anayetaka kujua kunyamaza kunauzwaje, shilingi elfu thelathini na tano, mia saba na hamsini.